Insha ya Kiingereza kwenye somo la Kiswahili

Wiki ya tatu ya muhula, nimegeukia ubao naandika viambishi vya nafsi, nikaona mtu kwenye kile kioo chembamba cha mlangoni. Mwanamume wa makamo, kofia yenye nembo ya chuo, karatasi mkononi. Alichungulia, macho yakapita safu kwa safu, akatia alama ya vema kwenye karatasi yake, akaenda zake. Hodi hakupiga. Nikadhani kakosea chumba. Keshokutwa yake akarudi saa ileile, na wiki iliyofuata tena, hadi nikamzoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

Nilipouliza ni nani, aliyenijibu ni kijana wa kiti cha nyuma karibu na dirisha, mahali pekee ambapo miguu yake ilipata pa kunyooka. "Ananihesabu mimi, Mwalimu." Kijana huyu alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, na yule bwana alikuwa ameajiriwa na idara ya michezo kupita madarasani kuhakikisha wachezaji wameingia. Asiyeonekana, habari zake zinamfikia kocha kabla ya chakula cha mchana, na alfajiri inayofuata anapandishwa na kushushwa ngazi za uwanja mpaka miguu imkatae.

Darasani kwetu kila mwanafunzi hujichagulia jina la Kiswahili. Yeye alijiita Baraka, na kwa jina hilo nitaendelea naye. Chuo chenyewe sitakitaja. Nilifika pale kutoka Morogoro, baada ya miaka sita ya kufundisha sekondari, kwa mpango wa walimu wasaidizi wa lugha, na hadi siku ile sikuwahi kuona mtu analipwa mshahara kwa kuchungulia darasa langu bila haja ya kujua ninachofundisha.

Nikamuuliza Baraka kwa nini alichagua Kiswahili. Alijibu bila kuficha, na mpaka leo namshukuru kwa hilo: mshauri wa masomo wa wanamichezo ndiye aliyempangia. Kipindi hakigongani na mazoezi, na Kiswahili, aliambiwa, ni lugha rahisi.

Nilirudi ofisini na neno hilo limenikaa kooni. Mwenzangu wa chumba kimoja alikuwa dada wa Kikenya, amefundisha Kiswahili Marekani zaidi ya miaka ishirini. Nilipomsimulia aliweka kikombe chini. "Mdogo wangu," akasema, "kwani hujasikia ya Chapel Hill?"

Sikuwa nimesikia. Usiku ule nikakaa kwenye kompyuta nikasoma mpaka saa nane.

Chapel Hill ndiko kiliko Chuo Kikuu cha North Carolina, kimoja cha vyuo vya umma vikongwe kabisa Marekani. Kilianza kufundisha mwaka 1795. Michael Jordan alitokea pale; akiwa mwaka wa kwanza, 1982, ndiye aliyefunga kikapu kilichowapa ubingwa wa taifa. Lakini fahari ya watu wa pale haikuwa ushindi peke yake. Walikuwa na msemo wao, Njia ya Carolina, wakimaanisha kwamba wao wanashinda na wanasoma, vyote viwili kwa haki, wakati vyuo vingine vinabeba wachezaji wasiojua hata maktaba iko wapi. Wazazi waliwapeleka watoto wao kwa imani hiyo.

Mwezi Oktoba 2014 ikatoka ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Kenneth Wainstein, mwanasheria aliyewahi kushika nyadhifa za juu katika Wizara ya Sheria ya Marekani. Ilieleza kwamba kwa miaka 18, kuanzia 1993 hadi 2011, idara ya masomo ya Afrika na Wamarekani Weusi ilikuwa na kozi ambazo ziliishia kwenye karatasi tu. Hakuna kipindi, hakuna mhadhara, hakuna mwalimu. Mwanafunzi anajiandikisha, anapewa mada, anawasilisha insha moja mwisho wa muhula. Aliyepokea na kusahihisha kwa miaka mingi hakuwa mwalimu bali msimamizi wa ofisi ya idara, na maksi zilikuwa A na B, insha iwe imeandikwa au imenakiliwa. Waliopita kwenye kozi hizo ni zaidi ya wanafunzi 3,100. Karibu nusu ya nafasi zilijazwa na wanamichezo, watu ambao katika chuo kizima ni sehemu ndogo sana.

Hadi hapo nilikuwa nasoma kama mtu anayesoma msiba wa jirani. Kisha nikafika kwenye Kiswahili.

Chuo kile kinamtaka mwanafunzi asome lugha ya kigeni hadi ngazi ya tatu ndipo apate shahada. Kwa wachezaji waliolemewa ikatengenezwa njia ya mkato: wanaandikishwa Kiswahili ngazi ya tatu, halafu badala ya kusoma lugha wanaandika insha kuhusu utamaduni wa Waswahili. Insha yenyewe kwa Kiingereza. Kwenye cheti cha matokeo inasomeka kwamba kijana huyu amefaulu Kiswahili, naye pengine hajui hata kuitikia shikamoo.

Insha mojawapo ya somo la Kiswahili ilifika hadharani mwaka 2011, kupitia nyaraka za kesi ya mchezaji aliyekuwa amefungiwa kucheza. Mashabiki wa chuo hasimu waliisoma kwa uchu, na haikuwachukua muda kukuta vipande vizima vimenyofolewa kutoka maandishi ya watu wengine. Wao waliifurahia kama bao la ugenini. Mimi niliitazama kama mwalimu: mtu alipaswa kuikamata insha ile mezani, si uwanjani, na kumwita kijana yule, kumketisha, kumwonyesha jinsi ya kuandika upya. Hakuna aliyeifanya kazi hiyo, kwa sababu hakukuwa na mwalimu.

Nataka nieleze ngazi ya tatu ni nini, kwa wasiowahi kukifundisha Kiswahili kwa wageni. Ni pale mwanafunzi anapoacha kukariri na kuanza kusema. Ngeli bado zinamsumbua, anasema "watu mingi" na "kiti mzuri", lakini anaweza kusoma maneno ya kanga akayabishia, anaweza kusimulia jinsi bibi yake alivyopika, anaweza kukasirika kwa Kiswahili. Mwalimu anasubiri ngazi ya tatu kama mkulima anavyosubiri mahindi yatoe mbelewele. Na ndiyo ngazi waliyoiuza kwa insha ya Kiingereza.

Iliniuma kwa jinsi ambayo sikuitarajia. Lugha hii ina siku yake duniani sasa, tarehe 7 Julai, na wengi wetu tunaisherehekea kwa hotuba. Mahali fulani kwenye kumbukumbu za chuo chenye heshima kubwa zipo alama za Kiswahili ambazo hazina Kiswahili ndani yake. Walimu waliokuwa wakifundisha kwa haki katika idara ileile waliamka siku moja wakakuta jina la somo lao limekuwa kichekesho cha redio za michezo.

Na nina neno la kusema juu ya kwa nini ilichukua miaka 18. Nadhani ni kwa sababu ya mahali ilipofichwa. Masomo ya Waafrika na Wamarekani Weusi yaliingia vyuoni Marekani kwa kupiganiwa, miaka ya mwisho ya 1960, na wapo waliobaki wakiamini kwamba si masomo ya kweli. Kozi ya fizikia ambayo haina mwalimu ingestukiwa muhula wa kwanza. Kozi ya Kiswahili isiyo na mwalimu ilipita kwa sababu wakubwa waliokuwa na mamlaka ya kuuliza hawakuona kuwa kuna kitu cha kuulizia. Yule mshauri wa Baraka, aliposema lugha rahisi, alikuwa anachota kisima kilekile.

Ripoti ina ukurasa mmoja ambao nimeusimulia kwa kila mwalimu ninayemfahamu. Msimamizi yule wa ofisi alistaafu mwaka 2009, na washauri wa masomo wa wanamichezo wakashikwa na hofu. Novemba ya mwaka huo wakawaandalia makocha wa futiboli maelezo kwenye skrini. Waliorodhesha jinsi walivyokuwa wakiwasaidia wachezaji kubaki na sifa za kucheza: waliwaweka kwenye kozi ambazo hawakulazimika kuhudhuria, kuandika notsi, kukaa macho, wala kukutana na mwalimu. Kisha chini yake, kwa herufi kubwa, wakaandika kwamba kozi hizo hazipo tena. Wakayaonyesha hayo kwenye kikao cha watu wazima wenye shahada, mchana kweupe. Muhula wa kwanza baada ya msimamizi yule kustaafu, wastani wa maksi wa timu uliporomoka.

Adhabu? Bodi ya ithibati ilikiweka chuo chini ya uangalizi mwaka mmoja, 2015. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilichunguza kwa miaka, na Oktoba 2017 kikatoa uamuzi wake: kozi zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote, si wanamichezo peke yao, kwa hiyo hakikuweza kusema kwamba sheria zake za masomo zimevunjwa. Yaani kwa kuwa walipunjwa wengi, hakukuwa na kosa. Miezi sita kabla ya hapo timu ya mpira wa kikapu ilikuwa imetwaa tena ubingwa wa taifa.

Sasa niseme jambo linalokwenda kinyume na hasira yangu, maana haki ni haki. Mwaka uleule wa 2014 ripoti ile ilipotoka, katika chuo kilekile, binti mmoja wa North Carolina alimaliza shahada ya uzamivu ya elimu ya vijidudu na kinga ya mwili. Anaitwa Kizzmekia Corbett. Miaka sita baadaye alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliotengeneza chanjo ya UVIKO-19 iliyotolewa na Moderna. Maabara za Chapel Hill hazikuwa za karatasi. Chuo kimoja kiliweza kumlea mwanasayansi wa kiwango hicho, na umbali wa kutembea kwa miguu kikamfutia mwenzake lugha nzima. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema michezo imeviharibu vyuo vya Marekani, wala na anayesema haijaviharibu. Inategemea umesimama mlango upi.

Sisi wenyewe huku tulivifahamu vyuo vile kupitia miguu na mikono ya watu wetu. Jina la Connecticut nililisikia kwa mara ya kwanza kwa sababu ya Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliyekichezea chuo kikuu cha huko hadi akateuliwa wa pili katika uteuzi wa NBA mwaka 2009. Sikujua kama chuo hicho kina kitivo cha sheria au cha kilimo. Nilijua kina Thabeet. Wazee waliotutangulia waliijua El Paso, mji wa mpakani kabisa mwa Texas, kwa sababu wanariadha wetu Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga walikimbia kwa niaba ya chuo cha pale. Nyambui alikuwa ametuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980. Nandi nzima, kule Kenya, ilikijua chuo cha Washington State kwa sababu ya mkimbiaji Henry Rono.

Hili la kujulikana si dogo, na vyuo vinalijua kuliko sisi. Mtafiti wa Harvard, Doug Chung, alipiga hesabu akakuta timu ya futiboli ikipanda kutoka hali ya wastani hadi kuwa timu bora, maombi ya kujiunga na chuo yanaongezeka kwa takribani asilimia 18. Maombi yakiongezeka, chuo kinakataa wengi zaidi. Kikikataa wengi zaidi, watu wanakiona kigumu kuingia, na kigumu kuingia kinasomeka kama kizuri. Hata neno Ivy League, ambalo kwetu tunalitamka kama vile ni jina la elimu yenyewe, kwa asili ni jina la ligi ya michezo: vyuo vinane vilivyokubaliana rasmi mwaka 1954 kucheza pamoja bila kutoa ufadhili wa michezo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950 rais wa Chuo Kikuu cha Oklahoma aliwaambia wabunge wa jimbo lake, alipokuwa akiomba bajeti, kwamba angependa kujenga chuo ambacho timu ya futiboli itajivunia. Nimekaa katika vikao ambavyo maneno kama hayo yangepita bila mtu kucheka.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda. UMBC ni chuo cha umma karibu na Baltimore, kilichojulikana kwa timu ya sataranji na kwa mpango wa kulea wanasayansi Weusi ulioanza mwaka 1988. Corbett alipita kwenye mpango huo kabla ya kwenda Chapel Hill. Tarehe 16 Machi 2018 timu yao ya kikapu, iliyopangwa mkiani mwa kundi lake katika mashindano ya taifa, iliifunga Virginia, iliyopangwa kileleni, 74 kwa 54. Haijawahi kutokea kabla ya hapo kwa wanaume. Kwa siku mbili Marekani nzima iliuliza UMBC ni wapi. Na walipouliza wakakuta kitu. Maabara zilikuwepo tayari, walimu walikuwepo, wahitimu walikuwepo. Mpira ulipiga hodi kwenye nyumba yenye watu ndani.

Na upo mfano wa pili, wa nyumba iliyoufukuza mpira. Desemba mwaka ule nilichukua basi nikaenda Chicago, nia yangu hasa ikiwa kuona mahali pamoja. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa miongoni mwa waasisi wa ligi ya Big Ten. Mchezaji wake, Jay Berwanger, ndiye wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 1935. Miaka minne baadaye walifungwa na Michigan 85 kwa 0, na rais wa chuo, Robert Hutchins, akaifuta timu. Waliohitimu walinung'unika, magazeti yakaandika, yeye akashikilia kwamba chuo ni mahali pa kufikiri. Uwanja ukabaki mtupu. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa la magharibi la uwanja huo, kwenye chumba cha kuchezea skwoshi, Enrico Fermi na wenzake waliwasha mmenyuko mfululizo wa kwanza wa nyuklia uliodhibitiwa na binadamu.

Leo uwanja ule haupo. Palipokuwa na nyasi pana maktaba kubwa ya kijivu, Regenstein, na jirani yake sanamu ya shaba ya Henry Moore, ya mviringo kama fuvu. Niliweka kiganja juu ya shaba ile, baridi ikapenya glavu. Wanafunzi walipita na mikoba yao wakiingia maktaba, hakuna aliyeinua kichwa. Futiboli ilirudi Chicago mwaka 1969, kwa kiwango kidogo kisichotoa ufadhili wa michezo, na haijamsumbua mtu. Nilisimama pale nikiwaza: hakuna aliyewahi kusema heshima ya Chicago imepungua. Lakini pia nisidanganye, Hutchins alikuwa na fedha na jina la kumtosha kufanya hivyo. Chuo kidogo cha jimboni kinachotegemea mechi za Jumamosi kujaza hosteli zake hakina ujasiri huo, na sikilaumu sana.

Ninachokilaumu ni kingine. Ni neno. Wamarekani wana neno lao kwa mtu kama Baraka, mwanafunzi na mwanamichezo kwa pamoja, na ukilisikia unadhani ni neno la heshima. Lilitungwa miaka ya 1950 na NCAA chini ya Walter Byers, mkuu wake wa kwanza wa kudumu, wakati vyuo vilipoogopa kudaiwa fidia na wachezaji wanaoumia. Byers mwenyewe alikuja kukiri hivyo uzeeni. Colorado, mchezaji mmoja alifariki kwa jeraha la kichwa mwaka 1955, mjane wake akadai fidia ya kazini, na mahakama kuu ya jimbo ikamnyima: marehemu hakuwa mfanyakazi, alikuwa mwanafunzi. Kwa hiyo neno mwanafunzi, neno ninalolishika kwa mikono miwili kila asubuhi, liliwekwa pale kama kufuli.

Kama angekuwa mwanafunzi kweli, sawa. Malipo yake yangekuwa elimu. Ndiyo biashara yenyewe waliyoahidiana: wewe tupe mwili, sisi tutakupa shahada. Ndiyo maana kozi za karatasi si udanganyifu mdogo wa maksi. Ni kutolipa mshahara.

Kwetu Afrika Mashariki tumeona biashara hii ikienda njia zote mbili. Mike Boit alitoka na shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, akasoma New Mexico akiwa mkimbiaji, akaendelea kusoma hadi uzamivu, na amefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kenyatta akiwa profesa. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, akiwa bado kwenye kitabu cha mahudhurio cha Washington State. Mita 5,000, kuruka viunzi na maji, mita 10,000, mita 3,000. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Michezo ya Olimpiki ya 1976 na 1980 Kenya ilisusia, akakosa zote mbili. Ulevi ukamshika, na mtu aliyeandikwa kwenye magazeti ya dunia nzima akafikia kulala kwenye makazi ya wasio na pa kwenda na kubeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Alijikokota akarudi, akafundisha, akafariki Februari 2024. Simhukumu mtu kwa maisha ya Rono. Najiuliza tu, katika miaka ile chuo kilipokuwa kinatangazwa bure kila alipokata utepe, ni nani aliyekuwa akichungulia mlangoni kutaka kujua anajifunza nini.

Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuuza majina yao kwenye matangazo, na Juni 2025 mahakama ilipitisha makubaliano ya dola bilioni 2.8 kwa waliochezeshwa bure zamani, pamoja na kuruhusu kila chuo kuwagawia wachezaji hadi takribani dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Nimefurahi. Mwili unaouzwa na ulipwe. Ila nahofia kwamba sasa, fedha ikiwa mezani, chuo kitahisi deni limekwisha, na yule bwana wa mlangoni ataacha hata kuhesabu.

Nirudi kwa Baraka. Alikuwa anaingia darasani saa tatu asubuhi akiwa ameamka saa kumi na moja, nywele bado mbichi kwa maji ya bafu, mfuko wa barafu umefungwa gotini kwa plastiki. Kufikia saa tatu na nusu barafu inayeyuka, maji yanadondoka sakafuni, anayapangusa kwa soksi. Ijumaa nyingi hakuwepo. Napata barua ya idara ya michezo kwamba anasafiri. Mwezi wa kwanza alisinzia. Sikumwamsha kwa ukali. Nilimwambia aje ofisini Jumatatu jioni, na alikuja, na alikuja kila Jumatatu baada ya hapo.

Kitabu cha mbinu za timu yake kilikuwa kinene kuliko kamusi. Mamia ya mipangilio, kila mmoja na jina lake, na anapaswa kuijua yote kwa sekunde mbili. Siku niliyomfundisha kitenzi chetu kinavyojengwa, aliomba kalamu ya ubao. Akachora duara nne kwenye mstari: nafsi, wakati, mtendwa, mzizi. "Huyu anaanza," akasema akigonga duara la kwanza, "huyu anasema lini, huyu ndiye anayepigwa, huyu ndiye kazi yenyewe. Ukimtoa mmoja nafasi yake, mstari unavunjika." Nimefundisha viambishi kwa miaka mingi na sijawahi kusikia mtu akivieleza vizuri hivyo. Lugha rahisi! Haikuwa rahisi. Alikuwa ameishika kwa akili ileile ambayo watu walimwambia hana.

Novemba goti likachanika. Akawa anakuja kwa magongo, na sasa hata Ijumaa yupo, maana timu inasafiri bila yeye. Yule bwana wa mlangoni aliendelea kuja. Jina la Baraka lilikuwa bado kwenye karatasi yake.

Jumatatu ya mwisho kabla ya mtihani tulikuwa tunarudia kitenzi kupa. Niliandika ubaoni: Tukishinda watatupa pete. Wachezaji wakitwaa ubingwa hupewa pete, nilijua atapenda mfano huo. Akausoma kwa sauti, akaugawa kwa kidole: wa, ta, tu, pa. Watatupa. Akatabasamu. Halafu akauliza kama kutupa si kitenzi kingine, kile cha takataka. Nikasema ndicho, umeona vizuri. Akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo, Mwalimu, nikitaka kusema kwamba watatutupa sisi, kama takataka, nasemaje?"

Umeshasema, nikamwambia. Nikaandika neno lake chini ya lile la kwanza, yote mawili yakawa yamepangana ubaoni, watatupa na watatutupa, yakitofautiana kwa tu moja.

Aliyaangalia kwa muda. Akatoa simu akayapiga picha, akaweka magongo kwapani, akasema asante Mwalimu, tutaonana kwenye mtihani. Siku ya mtihani alikuwa wa kwanza kuketi. Saa tatu na robo kivuli kikatokea kwenye kioo, kikahesabu, kikatia alama ya vema, kikaondoka. Baraka hakuinua kichwa. Alikuwa anaandika.